Sertifika si akili: watoto waliohama wanafundishwa kubofya, hawafundishwi kufikiri

KIVU YA KASKAZINI – Mtoto wa miaka 12, wa familia iliyokimbia vita huko Masisi na ambayo sasa inaishi kwa jamaa, alirudi nyumbani jioni moja na sertifika mkononi. Karatasi nzuri, yenye muhuri, jina lake limeandikwa bila kosa. Ilisema amemaliza mafunzo ya siku 3 ya kutunga programu za kompyuta. Mama yake, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliitia karatasi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki na kuiweka pamoja na kadi za chanjo na jetoni ya chakula, mahali pa vitu ambavyo havitakiwi kulowa.

Lakini mchana wa siku ileile, mbele ya wageni, kulitokea jambo ambalo mama huyo hakuambiwa.

Katika chumba cha mafunzo, paka wa Scratch alikuwa amechora mraba kwenye skrini ya kila kompyuta. Mraba uleule, ukubwa uleule, rangi ileile. Mgeni mmoja akamwambia mtoto yule: "Sasa tuchoree pembetatu." Mtoto akatazama maagizo yake: rudia mara 4, tembea hatua 100, geuka digrii 90. Akafuta 4, akaandika 3, akabofya bendera ya kijani. Paka akatembea, akageuka, akatembea, akageuka, akatembea, akageuka, akasimama. Mistari ilikuwa 3, ni kweli. Lakini umbo lilibaki wazi upande mmoja, kama nyumba iliyoangukiwa na ukuta wake wa mbele. Mtoto akamtazama mkufunzi. "Hiyo hamkutuonyesha," akasema.

Wageni wakapiga makofi. Picha zikapigwa. Sertifika zikagawanywa.

Makofi yale ndiyo kosa lenyewe. Mtoto alifanya jambo zuri kuliko yote yaliyofanyika chumbani mle kwa siku 3: alijaribu kubadilisha kitu kwa akili yake. Alipokwama, palikuwa ndipo mahali pa somo kuanza. Badala yake, somo lilifungwa.

Scratch si mchezo wa kudharauliwa. Ilitolewa kwa watu wote mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika Media Lab ya chuo cha MIT nchini Marekani, na ililengwa kwa watoto wa miaka 8 hadi 16. Badala ya kuandika maagizo kwa herufi, mtoto anavuta vipande vya rangi na kuvipanga kimoja chini ya kingine, kama matofali ya kuchezea. Kipande kisichofaa mahali fulani hakishiki. Swali lenye jibu la ndiyo au hapana lina umbo la ncha mbili kali, na tundu lenye umbo hilo halipokei kipande cha umbo lingine.

Vipande hivyo vina sababu yake. Mtoto anayeanza kwa kuandika programu kwa herufi anaweza kupoteza siku nzima kwa ajili ya nukta moja aliyoisahau. Vipande vinamwondolea adhabu hiyo. Vinaondoa makosa ya kuandika ili yabaki makosa ya kufikiri, maana hayo ndiyo yanayofundisha. Sasa mkufunzi anayeandika mpangilio wote ubaoni, kisha akawaamuru watoto wauvute kama ulivyo, ameondoa hata kile kidogo kilichobaki. Kompyuta imefanya kazi ya kuandika, mkufunzi amefanya kazi ya kufikiri, mtoto amefanya kazi ya kidole. Halafu mtoto huyo anapewa karatasi inayosema anajua.

Kuna watakaosema hili ni jambo dogo. Kwamba katika nchi yenye vita, paka wa kwenye skrini kushindwa kufunga pembetatu si habari. Hao hawajaangalia vizuri yaliyomo ndani ya vipande vile. Ndani yake kuna mambo matatu tu ya msingi: kupanga hatua, kurudia, na kuweka sharti. Familia zilizohama zinaishi chini ya mambo hayo matatu kila siku, na mara nyingi ndizo zinazoumia yanapopangwa vibaya.

Kwanza, hatua. Mama wengi wamekwisha kusikia kwenye redio namna ya kutengeneza maji ya kumpa mtoto anayehara, pale ambapo pakiti za kituo cha afya hazipatikani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visawazishwe juu. Hilo ni agizo. Lakini mtu akipita akisema "tia sukari na chumvi kidogo", hajatoa agizo, ametoa hatari. Kijiko kikubwa au kidogo? Kilichojaa au kilichosawazishwa? Maji kiasi gani? Chumvi ikizidi, mtoto aliye dhaifu anaumia zaidi. Mtoto aliyezoea kumwongoza paka anajifunza jambo hili bila kupigwa: paka hajui "kidogo", hajui "karibu na pale", hajui "unanielewa bwana". Anafanya kilichosemwa, kwa utaratibu uliosemwa. Kosa likitokea, limo ndani ya maneno ya aliyeagiza.

Pili, kurudia. Katika Scratch kuna namna tatu: kurudia mara zilizohesabiwa, kurudia mpaka jambo fulani litimie, na kurudia bila mwisho. Msichana anayetumwa maji anazijua zote. "Leta bidoni 5" si sawa na "leta mpaka pipa lijae", hasa kama pipa lina tundu. Na baba anayeambiwa kila asubuhi "rudi kesho" kwenye dirisha la ofisi anaijua ile ya tatu. Yuko ndani ya marudio ambayo hayana sharti la kumtoa. Aliyefundishwa kufikiri vizuri hataondoka dirishani kabla ya kuuliza: "Nirudi mpaka lini, na ni jambo gani likitimia ndipo nitapewa jibu?"

Tatu, sharti: kama hivi, basi vile, la sivyo, vingine. Hapa ndipo maneno madogo mawili, "na" na "au", yanapoamua nani ale. Orodha ikisema msaada ni kwa mwenye jetoni na mtoto wa chini ya miaka 5, bibi mwenye jetoni ambaye wajukuu wake wamekua anarudi mikono mitupu. Ikisema mwenye jetoni au mtoto wa chini ya miaka 5, bibi huyo anapata, na mama mwenye mtoto mchanga aliyepoteza jetoni njiani anapata pia. Ni neno moja tu limebadilika. Watu wanagombana mbele ya magunia, wanamtukana rais wa kambi, wanashtakiana ukabila, na pengine shida yote imo ndani ya neno hilo moja ambalo hakuna aliyeliuliza. Katika Scratch, "na", "au" na "siyo" ni vipande vya kijani. Mtoto anaweza kuvibadilisha na kuona palepale paka anafanya nini. Hilo ni somo la uraia kuliko hotuba nyingi.

Kuna kosa lingine ambalo karibu kila anayeanza Scratch hulifanya. Anaweka agizo: kama paka amegusa ukingo, ageuke. Anabofya, paka anafika ukingoni, hageuki. Mtoto anaapa kompyuta imeharibika. Haijaharibika. Swali liliulizwa mara moja tu, mwanzoni, wakati paka alipokuwa bado katikati. Jibu likawa hapana, na hakuna aliyeuliza tena. Ili paka ageuke, swali lile lazima liwekwe ndani ya kipande cha kurudia, liulizwe tena na tena.

Familia iliyofika siku 2 baada ya watu kuandikishwa haihitaji kuelezwa zaidi. Waandikishaji walipita mara moja. Waliokuwepo wakaingia kwenye orodha, waliokuwa bado njiani na vitanda kichwani hawakuingia. Swali liliulizwa mara moja. Anayeweza kuona kosa hilo kwa paka anaweza kuliona kwa orodha, na anaweza kusimama mbele ya mwenye kalamu na kulitaja kwa utulivu, bila kupiga kelele na bila kuomba huruma.

Ndiyo sababu mafunzo ya kunakili yanaudhi. Watoto hawa wamekwisha kupoteza miezi, wengine miaka ya shule. Madarasa yao yamegeuzwa malalo, madaftari yameachwa kwenye nyumba walizozikimbia. Anayekuja kuchukua siku zao 3 amechukua kitu cha thamani. Akiwarudishia picha na karatasi peke yake, amewadai, hakuwapa.

Wanaotetea mafunzo ya namna hiyo wana hoja zao, na zinastahili kujibiwa.

Wanasema: kunakili ni mwanzo wa kujifunza. Ni kweli. Kijana anayejifunza ushonaji kwanza anakata kama fundi anavyokata. Lakini fundi wa kweli hafiki mwisho hapo. Siku moja anamletea kitambaa cha mtu mnene, anamwambia: "Shati lile ulilolijua, mshonee huyu." Siku hiyo ndipo anajua kama kijana amejifunza kushona au amejifunza kushona shati moja. Mafunzo ambayo hayana siku hiyo ya kitambaa kingine hayajafikia hata nusu.

Wanasema: muda ni mfupi, watoto ni wengi, kompyuta ni chache. Basi wapunguze maumbo, wasipunguze fikra. Mraba mmoja unatosha kwa siku 3, ikiwa kila mtoto atatakiwa kusema kabla ya kubofya paka ataenda wapi, kisha aulizwe kwa nini hakwenda huko. Watoto wanne mbele ya kompyuta moja si balaa ikiwa watatu wanabishana na mmoja anavuta vipande. Balaa ni watoto wanne kimya, wanatazama ubao.

Wanasema: hakuna intaneti. Scratch ni ya bure, na inaweza kuwekwa ndani ya kompyuta ikafanya kazi bila intaneti hata kidogo. Wanasema: watoto hawajui Kifaransa vizuri, Kiingereza ndiyo kabisa. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za Scratch. Kinachaguliwa kwenye menyu iliyo juu ya skrini. Hata kama maneno mengine ya huko si yale ya Kivu, mwalimu anaweza kuyafafanua. Katiba ya nchi ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Hakuna sababu ya mtoto wa Masisi, Rutshuru au Fizi kujifunza "kama" na "la sivyo" kwa lugha anayoihofia, wakati nyumbani anayatumia maneno hayo tangu anaanza kusema.

Na wanasema, na hii ndiyo hoja nzito: watu wenye njaa wanahitaji maharagi na unga, si kompyuta. Ni sawa kabisa. Hakuna mtu anayekula vipande vya rangi, na anayepeleka kompyuta mahali pasipo maji ya kunywa anatakiwa kuulizwa ameona nini. Lakini hoja hiyo inakataa mafunzo yote. Haitetei mafunzo mabaya. Mara mafunzo yanapokuwa yameamuliwa, fedha zimetoka na watoto wameketi, njaa haiwezi kuwa kisingizio cha kuwafundisha nusunusu. Aliyehama si mtu wa kupewa masalio, si ya chakula, si ya elimu.

Tena, sehemu ngumu ya somo hili haihitaji kompyuta. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye mmoja wa waliotengeneza lugha ya Logo mwaka 1967 pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon. Katika Logo mtoto anamwongoza kobe anayechora mistari, na paka wa Scratch anatembea katika nyayo za kobe huyo. Papert alisisitiza kwamba mtoto akikwama ajifanye yeye ndiye kobe: asimame, atembee, ageuke, aone kwa mwili wake. Huko New Zealand nako, tangu miaka ya 1990, Tim Bell na wenzake Mike Fellows na Ian Witten walitunga masomo ya kompyuta yanayofundishwa bila kompyuta, kwa kadi, kamba na michezo. Kama watu wenye umeme siku nzima wameona faida ya kufundisha hivyo, Kivu haina sababu ya kuona haya.

Chaki inatosha. Mtoto mmoja anakuwa paka, mwingine anatoa maagizo, wengine wanaangalia kama paka anadanganya. Paka asiambiwe "nenda mlangoni". Aambiwe hatua ngapi na kugeuka upande gani. Akigonga ukuta kwa sababu ya agizo baya, watoto watacheka, kisha watalirekebisha agizo. Hakuna aliyepewa sifuri. Hilo nalo ni geni kwa watoto wengi, maana shuleni kosa linaleta fimbo au aibu. Katika kazi hii kosa linaleta swali: ni hatua ya ngapi iliyopotoka?

Mtoto wa Masisi alilijua hilo siku chache baada ya sertifika. Katika ua ule wanakoishi anakaa pia mwalimu wa shule ya msingi, naye amehama. Alisikia habari ya pembetatu isiyofunga, akamtoa mtoto nje kwenye mawe meusi ya volkano, akampa kipande cha chaki. "Wewe ndiye paka. Tembea hatua 5." Mtoto akatembea, akachora. "Geuka." "Kiasi gani, mwalimu?" "Wewe uniambie."

Mtoto alikumbuka hesabu za darasani: pembetatu yenye pande sawa ina pembe za digrii 60. Akageuka digrii 60, akatembea, akageuka 60, akatembea. Mistari 3 ikajipinda kama beseni. Haikufunga. Hakukuwa na wageni wa kupiga makofi, kwa hiyo akabaki amesimama, akifikiri.

Mwalimu akamuuliza jambo moja tu: "Ukizunguka umbo lote ukarudi ulipoanza, unatazama wapi?" "Nilikotazama mwanzo." "Basi umegeuka kiasi gani kwa jumla?" Mtoto akajizungusha pale alipo, polepole. Duara nzima. Digrii 360. Kwenye mraba aligeuka mara 4, kila mara 90. Kwenye pembetatu anageuka mara 3. Akagawanya: 120. Zile 60 ni pembe ya ndani, iliyo kati ya mistari miwili. Lakini paka hageuki kwa pembe ya ndani. Anafika mwisho wa mstari akiwa anatazama mbele, na kutoka hapo lazima ageuke mpaka karibu atazame alikotoka.

Akatembea tena. Hatua 5, digrii 120, hatua 5, digrii 120, hatua 5. Chaki ikakutana na chaki.

"Na umbo la pande 6?" akauliza mwalimu. Mtoto hakutembea. "Sitini," akajibu, akiwa bado amesimama.

Kazi hiyo yote ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya maji. Haikuwa na kompyuta, bango wala fulana zenye maandishi. Siku mtoto huyo atakapoketi tena mbele ya Scratch, atabadilisha namba tu na paka atafunga pembetatu, pembetano, hata umbo la pande 36 linalokaribia kuwa duara. Kitu kilichokosekana kwa siku 3 za mafunzo kilikuwa swali moja, na mtu mwenye subira ya kungoja jibu.

Wanaoleta mafunzo haya katika kambi na mitaa inayopokea waliohama wanatakiwa kubanwa na maswali. Je, mtoto anatabiri kabla ya kubofya? Je, kuna saa iliyotengwa kwa ajili ya programu iliyokataa kufanya kazi, na ni mtoto anayeitengeneza, siyo mkufunzi? Je, watoto wote watarudi nyumbani na kazi moja inayofanana, au kila mmoja na yake, hata kama ni mbaya? Kamati za wazazi na viongozi wa waliohama wana haki ya kuuliza hayo kabla ya mlango kufunguliwa, kama vile wanavyopima unga kabla ya kutia sahihi. Na walimu waliohama, ambao wengi wanakaa bila darasa na bila mshahara, wangekuwa wa kwanza kuitwa, kabla ya kumleta mgeni anayeondoka siku ya tatu.

Mzazi ambaye hajui kompyuta asiogope kwamba hawezi kupima. Mtoto akileta sertifika nyumbani, mama asiulize mafunzo yalikuwa ya siku ngapi. Amwombe mtoto aeleze kazi aliyoifanya, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, kisha abadilishe jambo moja tu: "Na kama zingekuwa pande 3?" Mtoto akinyamaza na kufikiri, yuko njiani. Akisema "hawakutuonyesha", karatasi ile irudishwe kwa walioitoa, pamoja na swali hilohilo.